Mama Ruthu Ndiye Kiini

Huingii nyumba ya Mwalimu Thobias bila kuulizwa. Hata kama umetoka tu kumwaga maji ya vyombo, utaulizwa. Bibi, yaani mama yake mwalimu, alikuwa hakai kwingine ila mlangoni tangu mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Alikaa kwenye kigoda, fimbo ameilaza kizingitini, na kila aliyekaribia alimuuliza maneno yale yale: wewe nani, umeleta nini. Ukijibu vizuri fimbo inainuka. Ukijibu hovyo unabaki juani.

Wote waliulizwa, muuza mkaa aliulizwa, mwenyekiti wa kitongoji aliulizwa na akanuna. Paulina, mkewe mwalimu, alikwishazoea: ni mimi Paulina, nimeleta maji. Ruthu, binti yao, alijibu huku anacheka. Na Thobias akirudi shuleni alisema, "Ni mwalimu, mama. Nimeleta madaftari." Hapo ndipo bibi alipofurahi. Aliinua fimbo juu kabisa na kusema, pita, mwalimu, pita. Sauti za watu zilikuwa zimeanza kumchanganya, hata ya mwanawe, lakini neno hilo halikumpotea. Siku moja Thobias alikuwa na mafua, akasema tu "ni mimi", basi alisimamishwa nje mpaka alipokumbuka kusema mwalimu.

Bibi alikuwa amelima vibarua kwenye mashamba ya watu kule Ihumwa, miaka na miaka, ili ukoo ule upate mwalimu mmoja. Akampata. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, ni kwamba mwalimu wake hana ajira. Mwaka wa tisa huo Thobias alikuwa anajitolea katika sekondari moja maeneo ya Busi, wilaya ya Kondoa. Jina la shule naliacha, maana waliomo bado wapo. Wazazi walimchangia sado ya mahindi, ile ndoo ndogo ya kupimia, kila mmoja baada ya mavuno, na shule ikampa chumba na ukumbi katika nyumba ya walimu ambayo waajiriwa waliikataa kwa sababu ya popo. Bibi alidhani hayo mahindi ni heshima tu ya watu kwa mwalimu wao.

Jumatatu ile ujumbe uliingia kwenye simu. Thobias alisubiri mpaka yuko jikoni na mkewe, akausoma kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie. Ameitwa kwenye usaili wa walimu, Dodoma mjini, Alhamisi saa mbili asubuhi. Aje na vyeti halisi, na ajiandae kufundisha kipindi cha dakika kumi na tano, mada yoyote ya baiolojia atakayoichagua mwenyewe. Paulina alikuwa anakaanga karanga za kuuza. Alisahau mwiko mkononi, karanga zikaungua sufuria nzima, na siku nyingine pangechimbika, lakini siku hiyo alizimwaga tu jalalani.

Thobias alikuwa na miaka arobaini na nne na miezi kumi na moja. Tangazo lilisema wazi kwamba mwombaji awe hajafikisha arobaini na tano. Baada ya mwezi ule, kompyuta ya kupokea maombi ingemkataa kabla mtu yeyote hajalisoma jina lake. Paulina alikuwa ameshapiga hesabu hiyo zamani, na alikuwa anaipiga kila asubuhi akikoroga uji. Safari hii ama mumewe awe mwalimu kweli, ama asiwe tena.

"Mungu amekuona, baba Ruthu," alisema, na machozi yakamtoka bila kificho.

Mtu asije akadhani huyu alikuwa mwalimu wa kubabaisha. Shule ilikuwa na hadubini moja, kuukuu, na kidato cha tano kilikuwa na wanafunzi sitini na nane. Wafanyeje, wapange foleni wiki nzima ili kila mmoja achungulie? Thobias alichukua simu yake, akaifunga kwa mpira kwenye lenzi ya hadubini, akabandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaidondoshea tone la aidini, akarekodi. Kisha akaunganisha simu na projekta ya shule na kuirusha picha kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Seli za kitunguu zikajitokeza ukutani, kubwa kama milango, na kila moja ina kiini chake cha rangi ya kahawia. Watoto wa Busi wamelima vitunguu tangu wakiwa mgongoni, na siku ile wengine walisimama juu ya madawati kutazama.

Hapo ndipo alipowafundisha seli kwa nyumba yake mwenyewe. Utando wa seli, aliwaambia, ni bibi wa kwangu: amekaa mlangoni, anauliza wewe nani, umeleta nini, anayefaa anapita na asiyefaa anabaki nje. Kiini ni Mama Ruthu, ana funguo zote kiunoni na ndiye anayejua leo kinapikwa nini. Mitokondria ni jiko. Golgi ni Ruthu, anayefunga karanga kwenye vifuko na kuzitoa nje kuuzwa. Ruthu mwenyewe alikuwa amekaa dawati la tatu, mwanafunzi wa darasa hilo hilo, na kuanzia siku hiyo wenzake wakamwita Golgi. Mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, na wewe uko wapi kwenye seli?" Thobias akacheka, akasema yeye ni kile kinachoingia na kutoka.

Hakuna aliyefeli swali la seli muhula ule.

Sasa niseme habari ya video, maana balaa lote lilitokea huko. Mradi mmoja wa kufundisha sayansi kwa picha ulitaka kila shule ipeleke somo moja lililorekodiwa. Thobias alirekodi lake nyumbani, mezani, usiku na mchana siku nne. Mkuu wa shule, Mwalimu Halfani, akalitazama na kulisifu, kisha akafungua fomu ya mradi, na fomu ikadai cheki namba ya mwalimu. Cheki namba anayo aliye kwenye mshahara wa serikali. Anayejitolea hana, na asiye nayo hayumo kwenye karatasi yoyote. Tena kwenye ile video jogoo aliwika mara mbili na bibi akasikika anakohoa. Ikaamuliwa Madam Elieth, mwalimu mwajiriwa wa baiolojia na makamu wa mkuu, aisome upya kwa sauti yake, na fomu ijazwe kwa jina lake.

Madam Elieth hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alijisikia vibaya, akataka walau abadilishe ule mfano wa nyumba, atafute mwingine wa kwake. Aliyekataa ni Thobias. Alimwambia asibadilishe hata neno, wanafunzi wamekwishazoea hivyo, akibadilisha watachanganyikiwa. Alimwandikia yote kwenye daftari kwa mkono wake, neno kwa neno, na pale palipoandikwa Mama Ruthu akapigia mstari ili asipasahau. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikishakuwa cha wanafunzi, hakuona tena kama ni chake.

Jumanne alikwenda ofisini kuomba ruhusa. Mwalimu Halfani alimpa mkono wa pongezi, akamwambia akae, na akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mwishowe akasema. Wazazi walikuwa wamekaa kikao Jumamosi. Wameona hali ngumu, mvua zimekuwa haba, na mtu mmoja akauliza kwa nini waendelee kuchangia mahindi ya mwalimu wa baiolojia wakati somo lake lipo kwenye kompyuta na linachezwa saa yoyote. Wengine wakaunga mkono. Tena kuna mwalimu mpya wa jiografia ameletwa, mwajiriwa, amepanga mbali, na popo si neno kwake.

"Lakini usihofu, wewe si unakwenda usaili?" alisema Halfani. "Kwa ufundishaji ule nani atakuacha? Utarudi na barua yako, na nyumba unabaki nayo kwa haki."

Thobias alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru, na mimi hapo ndipo ninapokasirika naye. Kisha akaomba kitu kimoja tu: aazimwe projekta na hadubini kwa siku mbili, ili jopo lione seli ukutani kama watoto wanavyoiona. Halfani akasikitika sana. Vifaa ni mali ya serikali, vikitoka nje ya shule lazima vitiwe saini kwenye leja, na leja ina safu ya cheki namba. Akampa manila, zile karatasi kubwa za kuchorea, mbili nyeupe, na akamwambia hizo asizirudishe.

Jioni Paulina alipiga pasi ya mkaa koti la harusi, ambalo lilikuwa limembana mumewe mabegani. Alikuwa ameshasikia habari za wazazi na mahindi, kisimani, kabla mumewe hajamwambia. Hakulia. Aliuliza tu atafundisha nini.

"Seli," alisema Thobias. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni anachora ile nyumba kwenye manila.

Paulina aliweka pasi chini. Alimwambia hiyo ya seli ameshawapa watu. Kuna usanisinuru, kuna moyo na damu, kuna mambo mengi, achague jingine. Thobias akasema hayo mengine anayafundisha kama kila mtu anavyoyafundisha, na watu zaidi ya mia wanaitiwa nafasi chache. Hili ndilo lililotoka kichwani mwake. Akisimama na hili hata wakimwamsha usingizini halimpotei.

"Lakini umewapa," Paulina alirudia. "Na jina umewapa."

"Nimewapa maneno. Mwenyewe si bado ninayo?"

Paulina aliokota pasi na kumalizia koti. Baadaye alijilaumu kwamba hakung'ang'ania, lakini angewezaje, alikuwa anaogopa kumvunja moyo mtu siku mbili kabla ya usaili. Alichukua kitunguu kimoja kikubwa jikoni, kile kizuri kuliko vyote, akakifuta vumbi na kukitia mfukoni mwa koti pamoja na wembe. Akamwambia kama shule imemnyima projekta basi jopo likione kitunguu chenyewe. Bibi, aliyekuwa anasikiliza nusu nusu kutoka mlangoni, akauliza mwalimu anaenda wapi na koti. Ruthu akamjibu kwamba baba anakwenda Dodoma kupandishwa cheo. Bibi alipiga vigelegele peke yake.

Alhamisi saa tano kasoro aliitwa ndani. Simu alikuwa ameiacha getini kwenye boksi la mlinzi, kama wote. Jopo lilikuwa la watu watatu: mama mmoja mwenye miwani ndiye mwenyekiti, mzee mwenye kalamu nyekundu, na kijana aliyevaa kitambulisho shingoni. Thobias aliwaamkia, akabandika manila ubaoni kwa gundi ya karatasi, akaweka kitunguu mezani na kuanza.

Na alifundisha. Aliyekuwepo atakwambia kwamba alifundisha. Mwanzoni koti lilimbana, kisha akalivua akabaki na shati, akazungumza kama yuko darasani kwake. Alibandua ngozi ya kitunguu kwa wembe, akainyanyua kuelekea dirishani, akawaambia ndani ya kipande hiki kuna nyumba maelfu, na kila nyumba ina mlango na ina mwenye funguo. Mzee wa kalamu nyekundu akaacha kuandika, akawa anatazama. Thobias aliliona hilo, na moyo ukamjaa furaha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi. Akafika kwa bibi mlangoni. Akasema wewe nani, umeleta nini.

Yule kijana akacheka. Akamwinamia mwenyekiti na kumnong'oneza, mwenyekiti akavua miwani.

"Endelea kidogo," alisema yule mama. "Kiini ni nani?"

"Kiini ni Mama Ruthu," alisema Thobias. "Ana funguo zote kiunoni, na ndiye anayejua leo..."

"...leo kinapikwa nini," kijana alimmalizia. "Na Golgi anafunga karanga. Mwalimu, hii clip sote tunayo. Iko kwenye magrupu ya walimu nchi nzima, ilishinda mkoa. Ni ya Madam Elieth."

Thobias akasema ndiyo, anaifahamu, wanafundisha shule moja. Akaeleza kwamba ameiandika yeye. Akaeleza habari ya fomu, na cheki namba, na jogoo, na alivyozidi kueleza ndivyo alivyojisikia anaonekana mwongo, kwa sababu maneno ya kweli yalikuwa mengi na ya ovyo ovyo, na ule uongo ulikuwa mfupi na umenyooka. Akasema kwenye simu yake getini ipo ile ya kwanza, yenye sauti yake. Mwenyekiti akasema simu hairuhusiwi humu, hilo limeandikwa kwenye tangazo.

Alizungumza naye kwa upole, huyo mama, na bora angemfokea. Alimwambia kutumia vifaa vya wenzetu si dhambi, sote tunatumia, lakini hapa tulitaka kumwona yeye. Mwalimu anayekariri somo la mwenzake mpaka jina la mke wa mtu analibeba kama lilivyo, watoto watampata wapi mwalimu hapo.

"Mama Ruthu ni mke wangu," alisema Thobias.

Yule kijana aliinama kuficha kicheko. Mzee wa kalamu nyekundu hakucheka. Alimtazama Thobias kwa muda, kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha akatazama saa ya ukutani. Dakika zilikuwa zimebaki tatu. Akamuuliza kama anaweza kufundisha mada nyingine kwa dakika hizo, yoyote ile, hata usanisinuru. Thobias alifungua mdomo. Mada zote alizozifundisha miaka tisa zilimtoka kichwani, akasimama mbele yao na kipande cha ngozi ya kitunguu kimemnata kidoleni, mpaka wakamwambia asante, amwite anayefuata.

Nje alichukua simu yake kwa mlinzi. Alikaa kwenye benchi la waliosubiri, akaitafuta ile video ya kwanza, akaifungua. Jogoo aliwika. Bibi akakohoa. Sauti yake mwenyewe ikasema, karibuni wanafunzi, leo tunaingia ndani ya nyumba. Alimwomba mlinzi amruhusu arudi ndani dakika moja tu awaoneshe, na mlinzi, ambaye alikuwa mtu mwema, akamwambia kaka, ukishatoka umetoka, nitafukuzwa kazi mimi.

Hapo akampigia Madam Elieth. Alitaka jambo dogo: azungumze na yule mwenyekiti kwa simu, aseme ukweli kwa maneno mawili.

Madam Elieth alikuwa kidato cha tano wakati huo, anaunganisha projekta. Ruthu, dawati la tatu, aliliona jina la baba yake kwenye kioo cha simu iliyokuwa juu ya meza. Madam akapokea, akasogea dirishani. Kwa muda alisikiliza tu. Cheti cha ushindi wa mkoa kilikuwa kwenye faili lake la kupandishwa daraja, faili limeshakwenda wilayani, na kila neno alilolisikia lilikuwa linataka lile faili lirudi. Alikuwa na watoto wanne na mume aliyepooza. Ruthu alisikia sauti ya baba yake inatoka simuni, nyembamba, haraka haraka, kwa namna ambayo hajawahi kumsikia.

"Mwalimu, niko darasani," alisema Madam Elieth. "Nikimaliza kipindi nitakupigia."

Hakupiga. Aliweka simu kifudifudi mezani, akabonyeza, na seli zikajaa ukutani. Sauti yake ikaanza kueleza, na ilipokaribia pale pa nyumba, akainama na kusogeza video mbele. Darasa likalalamika. Mmoja wa nyuma akasema, Madam, umeruka pa Mama Ruthu. Akajibu kwamba muda hautoshi. Alikuwa amewapa mgongo, na Ruthu peke yake aliona jinsi alivyoisukuma ile simu nyuma ya kompyuta. Akaelewa yote, mtoto wa watu, bila kuambiwa. Alilaza kichwa juu ya daftari na hakukiinua mpaka kengele ilipolia.

Thobias alipanda basi la Kondoa saa saba. Manila alikuwa amezikunja vizuri, kwa mazoea, kisha akazisahau kwenye kiti. Paulina alipiga simu mara nne, na mara ya tano akapokea. Alimwambia kwa kifupi kwamba wamemwona ameiba somo. Paulina akauliza la nani. Akamwambia, "Letu." Salio likaisha hapo hapo.

Nyumbani Paulina hakukaa bure. Alianza kushusha masufuria kutoka rafuni na kuyapanga kwenye kiroba, makubwa chini, madogo juu. Alikuwa anajua mwalimu wa jiografia hatangoja mwisho wa mwezi. Ruthu alirudi shuleni, akaulizwa na bibi mlangoni, akajibu kwa sauti ya kawaida, akaingia na kuanza kukunja mablanketi.  Bibi alisikia vyombo vinagongana, akauliza kuna nini, na Paulina akamwambia wanafanya usafi. Bibi akasema vema, mwalimu akirudi na cheo chake akute nyumba safi.

Saa kumi na moja jua lilikuwa bado linaunguza ua. Thobias alishuka kwenye bodaboda kule barabarani, asije akasikika, akatembea sehemu iliyobaki. Koti alikuwa amelitundika mkononi. Aliwaona watu wawili watatu wakichungulia kutoka nyumba za jirani, maana habari za usaili zilikuwa zimeenea, na hakuna aliyempungia mkono. Sura yake ilitosha. Akafika mlangoni, na fimbo ya bibi ikalala kizingitini.

"Wewe nani?"

Thobias alisimama. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, alikuwa amelisema kila siku kwa miaka tisa, na hakuna ambaye lingemdhuru, mama mzee na kipofu angefurahi tu na yeye angepita. Hakuwa na uso wa kulisema.

"Ni mimi, mama," alisema. Vumbi la njiani lilikuwa limeikwaruza sauti yake.

"Mimi nani? Umeleta nini?"

Aliangalia mikono yake. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kitunguu, kimebanduliwa upande mmoja, akamwekea mama yake kiganjani. Bibi alikipapasa polepole, akakizungusha, akakinusa.

"Kitunguu kimoja," alisema. "Na chenyewe kimeshakatwa."

"Ndiyo, mama."

Bibi alimrudishia. Hakuwa na ukali, alizungumza kama anavyozungumza na wapita njia wote wenye njaa, ambao hakuwahi kuwatukana. "Baba, mwenye nyumba hii ni mwalimu, na leo hayupo. Amekwenda Dodoma kupandishwa cheo. Kaa hapo nje umngoje. Akirudi atakupa chakula, mwanangu ana roho nzuri."

Ndani, Paulina aliisikia sauti ya mumewe, akaacha kiroba na kusogea mpaka kwenye pazia. Alikuwa na mkono tayari juu ya fimbo ili ainyanyue. Lakini alimwona Thobias amegeuka, ametandika koti chini juu ya tofali, na amekaa, ameelekea barabarani kama alivyoambiwa.